Kufuli la Maabara

Watu husema nina hasira. Kweli ninayo, na sijaiazima kwa mtu. Wakinipigia ile methali yao ya hasira hasara, huwauliza kama wao wamewahi kufundisha kemia mwaka mzima mbele ya maabara mpya iliyofungwa kufuli.

Ilikuwa mwaka wa 1972, katika shule ya Harambee, iliyojengwa kwa michango ya wananchi wenyewe, huko Gesima, juu kabisa, ambako chai huanzia mlangoni kwa mtu na kuishia mlangoni kwa jirani yake. Mimi ni mtu wa Marani. Nililetwa pale moja kwa moja kutoka chuo cha ualimu: Drusilla Nyaboke, mwalimu wa kemia na baiolojia, na kwa kuwa ni mwanamke, wakaniongezea na kushona. Siku ya kwanza mwalimu mkuu, Bwana Abner Ogari, alinizungusha shuleni na tai yake nyekundu, akanisimamisha mbele ya jengo la matofali lenye madirisha ya vioo. Alinionyesha kupitia kioo meza ndefu, mifereji ya maji inayong'aa, na rafu iliyojaa chupa. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwomba anifungulie.

"Bado haijafunguliwa rasmi," alisema.

Nilidhani anamaanisha wiki ijayo. Mwaka ukapita. Huko kwetu jengo la Harambee haliguswi mpaka mgeni rasmi aje akate utepe, na mgeni wetu rasmi alikuwa Mheshimiwa mmoja mwenye mikutano mingi. Akiahidi mwezi wa pili, anatuma salamu za pole mwezi wa tatu. Kila akiahidi, kwaya inafanya mazoezi na mbuzi anafungwa kwenye mti. Kila akikosa kuja, mbuzi anarudishwa nyumbani. Ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa koti la Bwana Ogari, na nilipomfuata tena na tena kuuomba, alinijibu jambo ambalo yeye aliliona la hekima.

"Mwalimu, wewe unaweza kumpa mgeni sahani ambayo watoto wameshalamba?"

Nilirudi darasani na chaki yangu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua nani aliyelijenga lile jengo. Mheshimiwa alitoa ahadi na hotuba. Mchanga ulitoka mtoni, bondeni, ukapanda kilima juu ya vichwa vya akina mama. Mmoja wao alikuwa Bitutu, shemasi wa kanisa la Sabato, mwanamke mfupi mwenye shingo nene kwa sababu ya kazi hiyohiyo. Alibeba mchanga akiwa na sababu. Binti yake, Gesare, alikuwa kidato cha nne na alitaka kuwa muuguzi, na chuo cha wauguzi hakimchukui mtu asiyepita kemia. Mtihani wa kemia una sehemu ya vitendo: unapewa chupa, unapewa bureti, lile bomba refu la kioo lenye koki chini, na unaonyesha kwa mikono yako kwamba unajua. Gesare alikuwa hajawahi kushika bureti. Hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyekuwa ameishika. Waliijua kwa kuichora.

Basi, mtihani ulipobaki wiki moja, niliamua kurudia somo lote kutoka mwanzo, kwa vitu vya jikoni. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba chaki zilikuwa zinakatika mkononi.

"Elementi ni nini?"

"Ni kitu ambacho huwezi kukigawanya kikawa kitu kingine rahisi zaidi," walijibu.

"Kampaundi?"

"Ni elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia."

"Chumvi ya jikoni. Sodiamu peke yake ukiitia majini inawaka. Klorini peke yake inaua mtu. Zikiungana unazitia kwenye mboga na unakula. Ndiyo kusema ukiungana na mwenzako unakuwa kitu kipya, huwi tena yule wa zamani. Na mchanganyiko?"

"Vitu vimekaa pamoja tu, havijaungana," alisema Gesare. "Kama ule mchanga na kokoto. Ukitaka unachekecha, kila kimoja kinarudi kwao."

Nyuma kabisa Obwocha, ambaye hakukosa neno, aliinua mkono. "Na Mwalimu Mkuu, huyo ni elementi ama kampaundi?"

"Huyo ni mchanganyiko," Gesare akamjibu bila kugeuka. "Woga na tai."

Nilipaswa kuwakemea. Nilijifanya natafuta kifutio.

Karatasi za litimasi, zile zinazobadilika rangi kukuonyesha asidi na alkali, zilikuwa ndani ya maabara, nyuma ya kufuli. Kwa hiyo nilileta birika la chai ya rangi, malimau, na maji ya majivu, yale ambayo kila mama wa kwetu huchuja kulainisha mboga chungu. Tulipanga vikombe dirishani. Katika kimoja tulikamua limau, chai ikapauka ikawa kama maji ya nyasi. Katika kingine tulitia maji ya majivu, ikawa nyeusi tititi. Katika cha tatu tulitia maji matupu, na rangi ikabaki vilevile ila nyepesi kidogo.

"Asidi inapausha, alkali inatia weusi, na ile isiyo asidi wala alkali haibadilishi kitu," nilisema. "Sasa niambieni. Mkitaka kupunguza ukali wa asidi, mnamwaga nini ndani ya nini?"

"Asidi ndani ya maji, polepole. Si maji ndani ya asidi."

"Kwa nini?"

"Joto. Itachemka ikurukie usoni."

"Na asidi ya salfa iliyo kali, ile isiyochanganywa na maji, utaijuaje bila kuionja?"

"Inaonekana kama maji," alisema Gesare, "lakini ni nzito karibu mara mbili ya maji, na ukiitikisa inatembea kama mafuta."

Alikuwa amesoma hayo kwenye kitabu tu. Nilimtazama nikaona kinachoweza kupotea kwa sababu ya utepe, na hasira ikanipanda upya.

Hapo mlango ukafunguliwa. Bwana Ogari alitazama vikombe, akatazama birika, akanitazama.

"Mwalimu Nyaboke, hii si hoteli."

"Hii ni maabara yangu, Mwalimu Mkuu. Ile ingine uko nayo mfukoni."

Bwana Ogari hakukasirika, habari aliyokuja nayo ilikuwa njema mno. Mheshimiwa anakuja Ijumaa, safari hii kwa hakika. Jumatano akina mama wangekuja kuosha maabara. Baada ya sherehe, ufunguo ungekuwa wangu.

Nilihesabu haraka. Mtihani ni Jumatatu. Ijumaa ni hotuba mpaka jioni. Jumamosi ni Sabato, na katika kilima kile hakuna anayegusa hata jembe. Ilibaki Jumapili, siku moja ya kufundisha mikono kazi ya miaka minne.

"Nipe hata leo jioni tu," nilisema. Nilisema kwa upole.

"Mgeni kwanza, Mwalimu."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu alikuwa hajafika hata hiyo siku ya kwanza, na tayari sote tulikuwa tumeshika majembe kwa niaba yake.

Alhamisi asubuhi Bwana Ogari aliniita mwenyewe, akafungua kufuli ili nione usafi. Nilisimama mlangoni mguu mmoja ndani. Sakafu iling'aa. Vioo viling'aa. Mifereji iling'aa, ingawa bomba la maji lilikuwa halijafika shuleni na haikuwa imewahi kutoa tone. Na kwenye rafu, chupa zilisimama safi kabisa, kila moja na karatasi mpya nyeupe yenye mwandiko mzuri wa wino wa buluu.

"Karatasi za kiwandani ziko wapi?" niliuliza.

"Zile zilikuwa zimechakaa. Niliwaambia akina mama wasugue mpaka Mheshimiwa ajione usoni, na zikatoka. Usijali. Karani ameandika zingine, unaona mwandiko wake."

"Aliandika akitazama wapi?"

"Mimi nilimsomea. Orodha ya vifaa iko ofisini. Tulifuata mpangilio."

"Chupa wakati wa kuoshwa zilikuwa bado kwenye mpangilio?"

Aliigeuza chupa moja karatasi itazame mbele. Kisha akasema, "Zote ni maji-maji tu, Mwalimu. Hazina rangi."

Nikiwa bado na kikombe changu cha chai cha asubuhi mkononi, niliingia, nikachukua chupa iliyoandikwa kwa mwandiko ule mzuri *Soda Kali*, nikadondoshea kidogo kwenye chai. Soda kali ni alkali. Chai ilipaswa kuwa nyeusi. Ilipauka mbele ya macho yetu, ikawa kama maji ya nyasi.

"Hiyo ni asidi," nilisema. "Karatasi yako ni uongo. Na kama hii moja ni uongo, zote si za kuaminika. Acha nizitoe, nizipime, kabla mtu hajaumia."

"Chai si kitabu," alisema. "Mheshimiwa hawezi kuja akute chupa uchi."

Akanitoa nje, akafunga kufuli. Nilisimama pale nikiwa na kikombe mkononi. Ningempiga kama ningekuwa mwanamume, na kama ningekuwa mwanamume labda angenisikiza na kusingekuwa na haja ya kumpiga. Nilimwandama mpaka ofisini, nikamwambia tena. Nilimfuata mwenyekiti wa halmashauri ya shule shambani kwake, naye akaniambia mambo yakishafunguliwa yatarekebishwa, na kwamba hasira hasara.

Ijumaa Mheshimiwa alingojewa tangu asubuhi. Kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka. Mbuzi, safari hii, hakurudi nyumbani. Jua lilipoanza kuinamia vilima wazee wa kanisa walikuwa wakilitazama jua zaidi kuliko barabara, maana likitua Sabato imeingia, na hakuna aliyejua Sabato na Mheshimiwa nani angemngoja mwenzake. Ndipo magari yakaja na vumbi lao jekundu. Mheshimiwa alishuka, akasalimia safu nzima ya mikono, akatoa hotuba fupi juu ya sayansi na maendeleo ya taifa, akakata utepe. Tukapiga makofi. Kibao cha jiwe chenye jina lake kilikuwa tayari ukutani.

Wakubwa wakaingia, nami nikabaki mlangoni nimezibwa na migongo ya wazee. Ndani, Gesare alikuwa amesimamishwa kando ya meza na sare yake iliyopigwa pasi, kama mfano wa mwanafunzi wa sayansi. Meza ilifunikwa kitambaa cheupe ambacho mama yake alikuwa amekitarizi maua. Mheshimiwa alitazama viganja vyake vilivyojaa vumbi la barabara na la salamu.

"Mko na maji hapa ninawe?"

Aligusa mfereji. Ulikuwa mkavu. Bwana Ogari aliona aibu, na aibu ikamfanya mwepesi. Kwetu mgeni hamwachi na mikono michafu. Alinyoosha mkono kwenye rafu, akashika chupa kubwa iliyoandikwa *Maji Safi*.

"Maji ya kisayansi, Mheshimiwa. Safi kuliko ya mto."

Mheshimiwa akakinga viganja vyote viwili. Mimi nilikuwa nasukuma migongo, na migongo haikusogea. Niliona Bwana Ogari akiinua chupa kwa mkono mmoja, akashindwa, akaongeza wa pili. Niliona Gesare akiona.

Alitoka pale alipowekwa kama pambo, akaishika chupa shingoni, juu ya vidole vya mwalimu mkuu.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Hii iko nzito sana. Maji haikuwangi hivi."

"Gesare, rudi mahali pako."

"Itikise uone. Inatembea kama mafuta."

Hakungoja ruhusa. Aliichukua chupa, akaiweka mezani, akafungua kizibo, akatumbukiza kijiti cha kioo, na kudondosha matone kwenye kitambaa cha mama yake, katikati ya ua. Watu waliinama kutazama. Uzi mweupe ukawa wa manjano, kisha kahawia, kisha mweusi, kisha hapakuwa na uzi tena. Palikuwa na tundu, na ukingo wake uliendelea kujila.

Mheshimiwa alikuwa bado amekinga viganja. Aliviangalia, akavirudisha nyuma ya mgongo wake polepole.

"Asidi ya salfa," alisema Gesare. Aliirudishia chupa kizibo chake. "Tulirudia juzijuzi. Na chai."

Mheshimiwa alitamka jambo kuhusu vijana wetu hodari wa sayansi, akatoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka mkutano mwingine, na magari yakaondoka bila hata kugusa mbuzi.

Bitutu alikuwa amepenya mpaka mezani. Aliingiza kidole karibu na tundu la kitambaa chake, bila kuligusa, kisha akamuuliza Bwana Ogari kwa Ekegusii, nami nawapa kwa Kiswahili: "Hii ndiyo chupa uliyoniambia niisugue kwa mikono mitupu?"

Bwana Ogari alinyoosha tai yake.

"Na mikono ya huyu mtoto ndiyo ingeishika Jumatatu, ikiwa imeandikwa maji?"

"Mama Gesare, yalikuwa makosa madogo ya karani."

"Leta ufunguo."

Alitazama huku na huku akitafuta mwenyekiti wa kumsaidia. Mwenyekiti alikuwa akitazama jua. Mwalimu mkuu aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Bitutu alifunga mlango mwenyewe, akaufunga ufunguo kwenye ncha ya leso yake kwa fundo la meno, na kuniambia nije Jumapili jua likichomoza. Siku ya Sabato, wakati wa kanisa, niliona fundo lile likining'inia ubavuni mwake alipokuwa akigawa vitabu vya nyimbo. Bwana Ogari aliketi safu ya mbele na hakuomba kitu.

Jumapili tulibandua karatasi zote za buluu tukazichoma. Chupa zikabaki uchi, kama alivyoogopa, na hapo ndipo tulirudia kemia yote tangu mwanzo, kwa kuwa sasa hapakuwa na kitu cha kukariri. Chai ilitutengea asidi upande huu na alkali upande ule. Tuliupitisha mkono juu ya midomo ya chupa kuleta harufu puani, na amonia ikajitambulisha yenyewe mpaka Obwocha akalia machozi. Tulipuliza pumzi kwa bua la papai ndani ya kila alkali, na iliyogeuka kama maziwa tukajua ni maji ya chokaa. Kopo la magadi lilikuwa limechapwa jina kwenye bati, sabuni haikuliweza; kwa hilo, kwa kuwa magadi huumaliza ukali wa asidi, nilipima nguvu za kila asidi. Kila kitu kilichojulikana, mwenzao Bonareri alikiandika kwa makaa. Na kila mmoja alishika bureti, akafungua, akafunga, akamwaga, akakosea, akarudia. Gesare alirudia mpaka nikamfukuza kwenda kula.

Jumatatu walifanya mtihani mikono ikiwa na harufu ya kazi ile. Siwezi kusema wote walipita, kwa maana hawakupita wote, na walioanguka ninajua hasa ni nani aliyewaangusha. Gesare alipita. Mwaka uliofuata alivaa sare ya wauguzi.

Lakini nataka kusimulia ile Jumatatu jioni. Wanafunzi walikuwa wakiosha vyombo kwa maji waliyoyabeba kutoka mtoni. Bitutu alikuwa mlangoni, amemfuata binti yake. Bwana Ogari akaja, na tai yake, ameshika lile kufuli kubwa la chuma.

"Kazi nzuri, Mwalimu," aliniambia. "Sasa tufunge, isije ikachafuka. Kuna ujumbe wa wakaguzi mwaka ujao."

Nyuma yake wale wa kidato cha tatu walikuwa wamejaa madirishani, nyuso zimegandamizwa kwenye vioo, kama mimi siku ya kwanza.

Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani hasira ilinikosesha maneno. Bitutu ndiye aliyenyoosha mkono akalichukua kufuli kutoka kwake, kwa adabu, kama mtu anavyompokea mgeni mzigo. Alilipima uzito.

"Gesare," alisema, "humu ndani kuna dawa inayokula chuma?"

Gesare alinitazama. Niliitikia kwa kichwa. Alivuta bakuli la kioo la asidi lililobaki kwenye mtihani, akaongeza nyingine kutoka kwenye chupa iliyoandikwa kwa makaa, akalipokea kufuli na kulitumbukiza polepole, asije akajirushia.

Mapovu yakaanza kupanda.

"Metali ikikutana na asidi?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa imerudi.

"Chumvi na haidrojeni," walijibu, wa ndani na wa madirishani pamoja.

"Tena."

"Chumvi na haidrojeni."

Bwana Ogari alisimama akitazama mapovu. Nilimwomba asogee kidogo, kwa kuwa alikuwa amewazibia kidato cha tatu mlango.